Utawa wa Kiangazi

Kata ya Ulemo, iliyo katika wilaya ya Iramba mkoani Singida, hupata mvua ya msimu mmoja tu kwa mwaka, nayo aghalabu huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Na ikisha kukoma, madimbwi yaliyokuwa yakivuma kwa sauti za vyura usiku kucha hukauka yakawa tope, tope likapasuka nyufa, hata mtu apitaye hapo mwezi wa Agosti akielekea Kiomboi aweza kuapa kwamba mahali pale hapajapata kukaa chura tangu dunia kuumbwa. Lakini mvua kubwa za kwanza zikishuka, vyura hao wapo, tena watu wazima wenye sauti nzito, wala si watoto waliozaliwa jana.

Wataalamu wa elimu ya viumbe huieleza siri hiyo kwa neno estivesheni, ambalo asili yake ni aestas, yaani majira ya joto kwa Kilatini. Maana yake ni hali ya hayawani ambaye, maji na riziki vikimkatikia, hujificha ardhini au ndani ya gamba lake, akapunguza pumzi, mapigo ya moyo na matumizi yote ya mwili hadi kiasi kidogo mno, akaishi kwa akiba aliyojiwekea mpaka unyevu urejee. Mwenzake wa nchi za theluji, afanyaye kama hayo kwa kuikimbia baridi, hali yake huitwa haibanesheni.

Kuitafsiri estivesheni kwa neno kiangazi kwataka hadhari, kwa kuwa kiangazi chetu si aestas ya Warumi. Katika uwanda wa Iramba ukame huandamana na kipupwe, na mwezi wa Juni, watu wanapojifunika mablanketi, chura amekwisha kujifukia zamani, maana kinachomfukuza ni ukavu kabla ya joto. Kwa bahati njema, Mswahili akitaja kiangazi hufikiri kwanza kukosekana kwa mvua. Kwa hiyo nusu hii ya istilahi imekuwa sahihi kuliko Kilatini chenyewe.

Taabu iko katika nusu ya pili. Wengi husema “usingizi wa kiangazi”, nami sikubali. Mtazame konokono aliyejibandika chini ya jiwe wakati wa ukame: amejivuta ndani kabisa, na mlango wa gamba ameuziba kwa ute uliokauka ukawa kiwambo chembamba, cheupe, kikavu kama karatasi, kigonge kwa ukucha, hakuna ajibuye. Au mfikiri kamongo, samaki wa Ziwa Victoria na vinamasi vyake, ambaye mtaalamu wa Kimarekani Homer Smith alimchunguza kwa miaka, hata kitabu chake cha mwaka 1932 akakiita kwa jina hilo hilo la samaki. Kamongo ana mapafu. Kinamasi kikikauka, hujikunja topeni mkia ukafunika kichwa, akajivika ute ugumao ukawa ala, akaacha tundu dogo mbele ya kinywa la kuvutia hewa, kisha akala misuli yake mwenyewe muda ambao waweza kupita mwaka. Fauka ya hayo, amonia, ambayo samaki wengi huitoa majini bila shida, ingemwua humo ndani. Basi huigeuza kuwa urea, ile ile wanayoinunua wakulima kwa mifuko, akaihifadhi mwilini hadi siku ya maji. Aliyelala hafanyi kazi kama hiyo.

Lugha ya pwani ina kitenzi kutawa, yaani kukaa ndani bila kuonekana na watu, kwa staha au kwa ibada. Na mtu wa pwani hasemi mtawa amelala, wala hasemi amekufa, bali husema hatoki. Napendekeza basi utawa wa kiangazi. Atakuwapo wa kunikumbusha kwamba neno hilo siku hizi limeshikwa na nyumba za masista na mabruda. Hewala, nao pia hufunga na kujinyima.

Istilahi hii isitumiwe ovyo. Nyumbu wa Serengeti huufuata unyevu kwa miguu, na hiyo ni hijra. Digidigi wa vichakani hubaki pale pale, akapata maji katika majani na umande, mkojo wake mzito na mavi yake makavu ili tone lisipotee, naye yuko nje akitafuta malisho. Wako pia wale samaki wadogo wa rangi nzuri katika madimbwi ya msimu ya Tanzania ya kati, wa jenasi ya Nothobranchius: dimbwi likikauka wazazi hufa wote, yakabaki mayai topeni, ukuaji wake umesimama hadi mvua nyingine, huko ni kusita kwa ukuaji, jambo lenye jina lake jingine, dayapozi. Hata kambare, aliye maarufu kwa wavuvi wa Ziwa Kitangiri huko chini ya uwanda, hastahili kuitwa mtawa: huvuta hewa kwa kiungo maalumu na huweza kuvumilia katika tope lenye unyevu, lakini ala hana ya kujivika, na tope likikauka kabisa, hufa.