Viti Vitupu vya Uwanja wa Karume

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka mingi, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1975 hadi nilipostaafu ualimu mkuu mwaka 2012. Wanafunzi waliiandika ubaoni, wakaieleza maana yake, wakapata alama zao. Sasa nimefika umri wa miaka sabini na ushei, na methali hiyo imenirudia kwa njia nyingine. Najiuliza: je, yule achezaye kwao asipotunzwa, huwa nani mwenye kosa? Ni mchezaji, au ni sisi wa kwao?

Swali hili limeletwa na mpira wa miguu. Hapa kwetu Genkuru, Jumamosi na Jumapili alasiri, vijana huvaa jezi zao na kuelekea kwenye kibanda umiza. Wengine ni wa Simba, wengine wa Yanga, wengine wa Arsenal na Manchester United. Hulipa kiingilio, hubanana kwenye mabenchi ya mbao, na baada ya dakika 90 hutoka wakiwa wamekasirika. Utawasikia njiani: kocha hafai, mshambuliaji mvivu, viongozi wamekula fedha. Mwingine huapa kuwa hatarudi tena kutazama timu ile. Juma linalofuata ni wa kwanza kukaa benchi la mbele.

Zamani niliwacheka. Siku hizi siwacheki, maana nimetambua kuwa hasira hiyo ni mali. Kuna timu moja ya mkoa wetu wa Mara ambayo ilipata kila kitu isipokuwa hasira hiyo, na nadhani ndicho kilichoiangusha. Lakini ili nieleze vizuri, sina budi kurudi nyuma.

Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 tulipenda mpira kwa masikio kabla ya kuuona kwa macho. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Kijijini palikuwa na redio chache, nasi watoto tulikaa chini ya mti nje ya nyumba ya mwenye redio na kusikiliza. Baadaye sauti ya Ahmed Jongo wa Radio Tanzania ilitufikia kama sauti ya mjomba. Alituonyesha uwanja ambao hatukuwahi kuukanyaga. Hatukujua Dar es Salaam iko upande gani wa jua, lakini tulijua nani wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na nani wa Sunderland, timu ambayo mwaka 1971 iliitwa Simba. Mimi nikawa Yanga kwa sababu mwalimu wangu wa darasa la tano alikuwa Yanga. Sina sababu nyingine, na nadhani wengi wa rika langu hawana pia.

Mwaka 1974 nilikuwa Butimba, Mwanza, nikisomea ualimu. Mwezi Agosti zikaja habari kwamba Simba na Yanga wangeamua ubingwa wa nchi papo hapo Mwanza, katika uwanja wa Nyamagana. Tulitoka chuoni kwa miguu asubuhi, na tulipofika mji ulikuwa umejaa hata juu ya mawe na miti. Adam Sabu akaipa Simba bao la mapema. Sisi wa Yanga tulinyong'onyea kwa zaidi ya saa nzima, wengine wakaanza kuondoka huku wakiitukana timu yao. Zikiwa zimebaki dakika chache, Gibson Sembuli akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Wale walioondoka walisikia kelele wakiwa barabarani, na wenzangu wawili walijutia siku hiyo mpaka tulipohitimu. Mimi tangu hapo moyo wangu ulihamia Dar es Salaam, mji ambao nilikuwa bado sijaufikia.

Nisieleweke vibaya. Miaka hiyo mikoa nayo ilikuwa na timu, na baadhi zilichukua ubingwa: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Nyingine zilibebwa na mashirika ya umma, nawe ungejua mlezi wake kwa kulisikia jina tu: Reli, Bandari, Sigara, Pamba, Ushirika. Shirika lililipa nauli na posho, likatoa hata ajira kwa mchezaji. Mashirika hayo yalipobinafsishwa au kufa katika miaka ya 1990, timu nyingi zilibaki yatima. Mlezi pekee aliyebaki alikuwa mtu wa kawaida, yule anayesimama mlangoni na noti yake mkononi. Na moyo wa mtu huyo, kama wangu, ulikuwa umeshahamia Dar es Salaam. Basi matokeo yakawa kama tuyajuavyo: baada ya Mtibwa Sugar kuwa bingwa mwaka 2000, miaka ishirini iliyofuata ubingwa ulizunguka baina ya Simba na Yanga, isipokuwa msimu wa 2013/14 ulipochukuliwa na Azam, nayo pia ni ya Dar es Salaam.

Hata timu ya taifa tuliwahi kuichoka. Mwaka 1979 bao la Peter Tino kule Ndola, Zambia, lilitupeleka fainali za Afrika zilizochezwa Lagos mwaka 1980. Baada ya hapo tulikaa miaka 39 bila kurudi. Rais Ali Hassan Mwinyi aliifananisha timu yetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyoa. Tulicheka, lakini lilikuwa cheko la kuumia. Hata hivyo, alipokuja kocha Marcio Maximo kutoka Brazil mwaka 2006, na mwaka uliofuata ukafunguliwa uwanja mpya wa taifa wenye viti 60,000, watu walirudi kwa wingi. Na Machi 2019, Uganda ilipofungwa 3-0 Dar es Salaam nasi tukafuzu kwenda Misri, nilimwona mzee mwenzangu hapa kijijini akilia hadharani. Miaka yote 39 alikuwa akiilaani Taifa Stars. Kumbe alikuwa akiisubiri.

Sasa nifike kwenye timu yetu. Mwaka 2018 Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu. Mkoa wa Mara, unaosifika kwa ng'ombe, samaki na dhahabu, na kwa kumzaa Mwalimu Nyerere, ukawa na timu ya kuikaribisha Simba na Yanga nyumbani, katika uwanja wa Karume. Tungetarajia watu wafurike. Walifurika kweli, lakini zilipokuja Simba na Yanga. Walipokuja wageni wengine, viti vilikuwa na nafasi ya kutosha mtu kujilaza.

Nami nakiri kosa langu. Msimu wa 2020/21 Yanga walikuja Musoma. Nilipanda gari Tarime mapema, nikiwa nimevaa fulana yangu ya kijani na njano, pamoja na mjukuu wangu wa miaka tisa. Uwanja ulijaa, na waliojaa wengi wao walikuwa watu wa Mara waliovaa kama mimi. Vijana wa Biashara waliingia uwanjani kwao wakapokewa na ukimya. Yanga walipofunga, niliruka kama kijana. Nilipoketi, mjukuu akaniuliza, bila utani wowote: "Babu, kwani sisi kwetu ni Dar es Salaam?"

Nikamwambia nyamaza, tazama mpira. Nilikuwa mwalimu kwa miaka 37, na hilo ndilo jibu nililompa mtoto aliyeuliza swali zuri.

Msimu ule Biashara ilimaliza nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021 ikakutana na Al Ahli Tripoli ya Libya, ikaifunga 2-0. Mchezo huo wa nyumbani haukuchezwa nyumbani. Ulichezwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Musoma. Lakini ushindi ni ushindi, na wengi wetu tulianza kuhesabu kwamba mabao mawili yanatosha kulindwa ugenini. Mchezo wa marudiano haukufanyika. Safari ilikwama, timu haikufika Libya, ikatolewa mashindanoni.

Jumamosi iliyopangwa kwa marudiano hayo nilikwenda kwenye kibanda umiza nikiwa na uchungu, nikitafuta wa kuungana nami. Palikuwa pamejaa, maana kulikuwa na mpira wa Uingereza. Nikamuuliza kijana mmoja niliyemfundisha: "Umesikia habari za Biashara?" Akanijibu kwa heshima: "Sijasikia Mwalimu. Biashara gani?" Alidhani naulizia bei ya mahindi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kama jambo hilo lingeipata Simba au Yanga, nchi isingelala. Wanachama wangeandamana, viongozi wangeitwa wajieleze, redio zisingezungumza kingine kwa mwezi mzima. Timu yetu ilipatwa na msiba huo, na Genkuru haikukosa hata usingizi wa mchana. Mwaka 2022 ikashuka daraja, ikiwa imecheza misimu minne tu. Sikumsikia mtu akilaumu.

Sitaki kumtwisha shabiki mzigo wote. Mtu wa Genkuru akitaka kwenda Karume lazima alipe nauli hadi Tarime, kisha hadi Musoma, na kurudi. Mechi nyingine huwekwa siku ya kazi, saa nane au saa kumi mchana, jua likiwa kali. Na siku hizi mpira uleule unaonekana kwenye televisheni kwa shilingi chache. Mkulima anayefanya hesabu hiyo si msaliti. Lakini hesabu ina upande wa pili: katika ligi yetu mapato ya mlangoni ni ya timu mwenyeji. Timu isiyo na kampuni wala tajiri, ikiingiza watu mia chache mechi baada ya mechi, hula kwa kungojea siku mbili za mwaka zinapokuja timu za Kariakoo. Ndiyo maana nyingine huhamishia mechi hizo kwenye viwanja vikubwa vya mikoa mingine, na hapo hata wale mashabiki wachache waaminifu huachwa solemba.

Wala si sisi peke yetu. Kule Montreal, Kanada, palikuwa na timu ya besiboli iitwayo Expos, iliyoanza mwaka 1969. Watu walichoshwa na matokeo na uongozi, viti vikawa vitupu, na mwisho wa msimu wa mwaka 2004 timu ikahamishiwa Washington na kupewa jina jipya. Tusidhani hayo ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Timu ni kama mgeni: ikiona haikaribishwi, huchukua mzigo wake ikaenda kwingine.

Basi nilitafakari ni wapi tulipojifunza kutotunza vya kwetu, na nikaona kwamba hatukuzaliwa hivyo. Hapa vijijini, baada ya mavuno, huchezwa mashindano ya kugombea dume la ng'ombe. Hakuna jezi kamili, mistari ya uwanja ni majivu, na ng'ombe mwenyewe hufungwa pembeni ili kila mtu amwone. Siku hiyo hakuna anayebaki nyumbani. Akina mama huacha kuni njiani. Kipa akifungwa bao la kizembe, wazee humpigia kelele, "Mura, umelala?" na mama yake mwenyewe huwa wa kwanza kumfokea. Kisha jioni humpa chakula. Huko hasira na upendo hula sahani moja, kwa sababu kila mchezaji ana mtu wake pale pembeni.

Mwaka 2023 nilimwita mjukuu wangu, nikamwambia kwamba nina deni lake la swali moja. Tukaenda Musoma kuitazama Biashara ikicheza katika ligi ya chini, Championship. Fulana ya Yanga niliiacha nyumbani, ingawa moyoni bado mimi ni Yanga, na katika umri huu sitabadilika. Watu walikuwa wachache sana, hata ungesikia kocha akimwita mchezaji kwa jina. Tulikaa katikati ya viti vitupu. Kwanza tuliona haya kupiga kelele peke yetu. Kisha beki wetu mmoja akapoteza mpira kizembe, nami nikajikuta nimesimama, namfokea kama vile ni mtoto wa darasani kwangu. Mjukuu akasimama naye akafoka.

Njiani kurudi Tarime tulimlaumu yule beki, tukamlaumu refa, tukamlaumu na kocha. Mjukuu aliniuliza kama tutarudi tena. Nikamwambia timu hii haifai kitu, na kwamba tutarudi.