Chungu, Jembe na Meli: Biashara ya Kuingiza na Kutoa Bidhaa Katika Mwambao wa Mashariki wa Ziwa Nyasa, Kutoka Ikombe Hadi Lundo na Mbamba Bay

1. Utangulizi

Maandishi mengi kuhusu uchumi wa mwambao wa Ziwa Nyasa huanza na bandari za Wajerumani, kana kwamba kabla yake palikuwa na wavuvi tu. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja yake ni kwamba mwambao wa mashariki, kuanzia Ikombe na Matema upande wa kaskazini hadi Liuli, Lundo na Mbamba Bay upande wa kusini, ulikuwa tayari na uchumi wa kutengeneza bidhaa na kuzisafirisha kwa maji. Ukoloni haukuanzisha biashara hiyo. Uligeuza mwelekeo wa kilichoingia na kilichotoka. Neno bandari linatumika hapa kwa maana ya mahali popote ambapo shehena ilipakiwa na kupakuliwa, hata kama palikuwa na mchanga na mitumbwi pekee.

2. Bidhaa za mwambao

Wakisi wanaishi mahali ambapo milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja ziwani, na ardhi ya kulima ni finyu. Ufinyu huo ndio uliowafanya wafinyanzi. Wanawake wa Ikombe walifinyanga vyungu kwa udongo wa kwao, wakavichoma na kuvipamba; wanaume walivipakia katika mitumbwi na kuvipeleka katika vijiji vya mwambao kubadilishana na nafaka. Kwa lugha ya uchumi, Wakisi waliuza nje bidhaa iliyokamilika na kuagiza chakula.

Nyuma ya mwambao huohuo, Wapangwa waliyeyusha chuma kutokana na mawe ya milima yao na kufua majembe. Jembe lilikuwa zana ya kilimo na pia sehemu ya mahari, hivyo thamani yake ilivuka matumizi ya shambani. Upande wa kusini, Wanyasa na Wampoto walitoa samaki waliokaushwa, wakiwemo usipa, nao Wamatengo wa nyanda za juu za Mbinga walitoa mahindi na maharage kutoka mashamba yao ya ngoro. Kijiji cha ufukweni kama Lundo kilikaa kati ya pande hizo mbili: mlimani kulitoka chakula, majini kulitoka samaki na vyombo.

3. Biashara ya masafa marefu

Katika karne ya 19 mtandao huu uliunganishwa na Kilwa. Misafara ilileta nguo, shanga na bunduki, ikaondoka na pembe za ndovu na watumwa, wengi wao wakiwa wamevushwa ziwa kutoka upande wa Nkhotakota. Mashambulizi ya Wangoni yaliongeza hofu na kuwasukuma Wamatengo kujikusanya milimani. Tofauti na biashara ya vyungu, biashara hii haikuhitaji ufundi wowote wa wenyeji. Ilichukua watu wenyewe, yaani mikono ambayo ingetengeneza bidhaa, na kurudisha vitu vilivyotengenezwa kwingine. Mkataba wa mwaka 1873, ambao Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Unguja, ulibana njia hiyo, lakini mfano wa mabadilishano ulikuwa umekwisha kuwekwa.

4. Bandari za kikoloni

Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilianza kazi ziwani mwaka 1893. Manda ikaitwa Wiedhafen, na Liuli ikaitwa Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake. Ni hapo Sphinxhafen, tarehe 13 Agosti 1914, ambapo meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli hiyo ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi lilitoka katika kodi kuliko katika meli. Kodi ya kibanda ya mwaka 1898 ilidai fedha, na fedha haikupatikana kwa chungu kilichobadilishwa na mahindi. Wanaume wa kusini walikwenda kutafuta ujira katika mashamba ya mkonge na kwingineko. Wakati huohuo majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalifika kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo. Uyeyushaji wa chuma ukafifia. Ufinyanzi ukaendelea hadi leo.

Kwa nini chungu kilisalia na jembe likapotea? Sehemu ya jibu ni bei na uzito: chungu ni kikubwa, huvunjika njiani, na hakina faida kukileta kutoka mbali. Sehemu nyingine, ambayo haijapewa uzito wa kutosha, ni jinsia. Kuyeyusha chuma ilikuwa kazi ya wanaume, na wanaume ndio waliotolewa na kodi. Kufinyanga ilikuwa kazi ya wanawake, na wanawake walibaki nyumbani. Tasnia iliyodumu ni ile ambayo wenye ufundi wake hawakuondolewa.

5. Hitimisho

Swali hili si la zamani tu. Kahawa ya Mbinga, zao kuu la biashara la Wamatengo, husafiri kwa barabara kuelekea Bahari ya Hindi, na ziwa lililo karibu halina sehemu katika safari hiyo. Makaa ya mawe ya Ngaka yalianza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011, nayo huondoka yakiwa malighafi. Mipango ya kupanua bandari ya Mbamba Bay huelezwa kwa urefu wa gati na uwezo wa kupokea meli. Historia iliyojadiliwa hapa inapendekeza kipimo kingine: ni nini kinachotengenezwa nyuma ya gati, na nani anabaki nyumbani kukitengeneza. Mwambao wa mitumbwi ulitoa vyungu na majembe. Mwambao wa meli ulitoa vibarua. Mtafiti anayehesabu shehena za forodha peke yake ataona ongezeko la biashara katika kipindi hicho, na hataona kwamba ufundi ulipungua.