Kikapu Kisicho na Kitako

Mchezo wa mpira wa kikapu ulizaliwa chuoni, na aliyeubuni alikuwa mwalimu mwenzetu. Mwezi Desemba 1891, katika chuo cha kufundishia viongozi wa YMCA mjini Springfield, Massachusetts, Marekani, mkufunzi James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alikabidhiwa darasa la wanaume 18 ambalo wakufunzi wawili kabla yake walikuwa wamelishindwa. Nje theluji ilikuwa imetanda, na ndani vijana walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo yale yale kila siku. Naismith akabuni mchezo wa kuchezea ndani. Akamwomba mtunza jengo masanduku mawili; masanduku hayakuwapo, akaletewa vikapu viwili vya mapichi, tunda ambalo watu wa Njombe na Mbeya hawahitaji kuelezwa. Vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka sakafuni, na kimo hicho hakijabadilika mpaka leo.

Vikapu vile vilikuwa na vitako, kama vilivyo vikapu vya milulu wanavyosuka akina mama wa Iringa. Kila mpira ulipoingia, mchezo ulisimama. Mtu akapanda ngazi, akautoa kwa mkono, ndipo watu wakaendelea. Baadaye kitako kiliondolewa kabisa, mpira ukawa ukiingia unarudi wenyewe kwa wachezaji. Badiliko hilo dogo ndilo lililoupa mchezo kasi tunayoijua. Nimelitafakari sana jambo hili tangu nilipostaafu, maana naona hata sisi watu tumegawanyika hivyo hivyo. Wako wanaopokea na kubaki na walichopokea, na wako ambao kilichowaingia hupita kikawafikie wengine. Mfano mzuri ninaoujua wa hawa wa pili ni Luol Deng wa Sudan Kusini, nchi iliyojiunga na Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki mwaka 2016.

Deng alizaliwa Wau mwaka 1985, wakati vita vya Sudan vikiwa vimepamba moto. Baba yake alipata kuwa waziri katika serikali ya Khartoum, lakini familia ililazimika kukimbilia Misri. Huko ukimbizini watoto walikutana na Manute Bol, Mdinka mwenzao, mtu wa kimo cha mita 2.31, ambaye tangu mwaka 1985 alikuwa akicheza katika ligi kuu ya Marekani, yaani NBA. Bol alimfundisha mchezo kaka yake Luol, na Luol mwenyewe akapata fungu lake. Fedha nyingi alizopata Bol katika mchezo zilikwenda kwa ndugu zake waliokuwa wakiteseka vitani, na alipofariki mwaka 2010 hakuwa tajiri. Nataka msomaji amkumbuke mtu huyu, kwa sababu habari za Deng haziwezi kueleweka bila yeye.

Kutoka Misri familia ilipata hifadhi Uingereza. Luol akajiunga na klabu ya vijana ya Brixton, London, chini ya mwalimu Jimmy Rogers, aliyetumia miaka mingi kulea watoto wa mitaa ile kwa mpira. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa shule huko Marekani, kisha akasoma mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka 2004 alichaguliwa wa saba kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka ule, akaenda Chicago Bulls. Alikaa huko karibu miaka kumi. Hakuwa mchezaji wa mbwembwe. Alijulikana kwa kulinda, kukimbia na kuvumilia, na kwa misimu miwili mfululizo hakuna mchezaji wa ligi nzima aliyemzidi kwa wastani wa dakika za kuwa uwanjani. Mwaka 2012 na 2013 aliteuliwa katika timu ya nyota. Alicheza pia Cleveland, Miami, Los Angeles na Minnesota, na mwaka 2019, baada ya misimu 15, akatundika viatu.

Hapo ndipo wengi wetu tungeketi. Alikuwa na umri wa miaka 34, fedha alikuwa nazo, na uraia wa Uingereza alikuwa nao. Tena alikwisha kuichezea nchi hiyo katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012. Lakini mwaka ule ule aliostaafu, alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na iliyokuwa haina hata uwanja mmoja wa ndani wa mchezo huo.

Kazi aliyoikuta ilikuwa kazi ya karani kabla haijawa kazi ya nyota. Vijana wa Sudan Kusini walikuwa wametawanyika kwa sababu ya vita. Mmoja Australia, mwingine Marekani, mwingine Uganda. Ilibidi mtu awatafute, awapigie simu, azungumze na wazazi wao, ashughulikie hati za kusafiria, alipe nauli na hoteli. Deng aliyafanya hayo, na gharama nyingi zilitoka mfukoni mwake. Mwanzoni alisimama mwenyewe kama kocha. Kisha akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote: aliondoka kwenye benchi, akamwachia kazi hiyo Royal Ivey, Mmarekani aliyekuwa mchezaji na aliyekwisha kuisomea kazi ya ukocha. Yeye akabaki na madaftari.

Matokeo yalikuja upesi. Mwaka 2021, katika michuano ya Afrika iliyofanyika Kigali, Sudan Kusini ilifika robo fainali. Katika kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la 2023 ilishinda michezo 11 kati ya 12. Huko Manila iliifunga China 89 kwa 69, ikawafunga wenyeji Ufilipino, na ilipoifunga Angola 101 kwa 78 ikawa timu ya Afrika iliyofanya vizuri kuliko zote, hivyo ikapata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Tarehe 20 Julai 2024, katika mchezo wa kujipima nguvu jijini London, Marekani iliponea chupuchupu kwa pointi moja, 101 kwa 100. Siku nane baadaye, katika mchezo wa kwanza wa Olimpiki, wenyeji walikosea wakapiga wimbo wa taifa wa Sudan badala ya ule wa Sudan Kusini. Vijana walisimama wakangoja mpaka kosa liliposahihishwa, kisha wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Michezo miwili iliyofuata, dhidi ya Marekani na Serbia, walishindwa, na safari yao ikaishia hapo.

Katika timu ile alikuwamo kijana wa miaka 17, Khaman Maluach, aliyezaliwa Rumbek na kulelewa Uganda katika ukimbizi, ambaye njia yake ya kuingia katika mchezo ilipitia kwenye kambi za Deng. Baadaye alikwenda Duke, chuo alichosoma Deng, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi kuingia NBA. Kutoka Bol hadi Deng, na kutoka Deng hadi Maluach, mpira haujakwama mahali.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Watanzania tulikuwa na siku yetu. Mwezi Juni 2009, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo na kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili katika NBA, mbele ya Stephen Curry aliyechaguliwa wa saba. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu, na nakumbuka wanafunzi wetu walivyohangaika kutafuta nguzo na vyuma vya kutengenezea magoli. Thabeet alicheza katika ligi ile hadi mwaka 2014, kisha akaendelea Japani na Taiwan. Nimewasikia watu wakimlaumu kwamba hakufika mbali. Sikubaliani nao. Yeye alianza mchezo akiwa na miaka 15, akafika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika kabla yake. Swali la haki si yeye alifanya nini. Swali ni sisi tuliweka nini nyuma yake. Nguzo zile zilizosimikwa mwaka 2009 nimezipitia tena. Baadhi zinaanikiwa nguo.

Katika kazi yangu, iliyoanza na ukufunzi wa chuo cha ualimu na kumalizikia kwenye ukuu wa shule, niliishi Iringa na Mbeya, na nilifanya kazi na walimu wawili wa michezo ambao nawalinganisha mara nyingi. Wa kwanza alikuwa mchezaji hodari kweli. Wanafunzi walimpenda, na timu yake ilitisha wilaya nzima. Lakini mpira alilala nao chumbani, ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwake, na majina ya wachezaji yalikuwa kichwani mwake. Alipohamishiwa mkoa mwingine, muhula mmoja haukuisha nyasi zikaota uwanjani.

Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu, mfupi, na mpira wenyewe aliurusha vibaya. Kila mwaka aliteua mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu na mmoja wa kidato cha pili, akawakabidhi ufunguo, pampu na daftari. Katika daftari hilo kulikuwa na majina, siku za mazoezi, mipira mingapi mizima na mingapi imepasuka, na nani ana deni la raba. Mkubwa alimfundisha mdogo, na mdogo akawa mkubwa. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari. Naye alihamishwa, kama sisi sote tulivyohamishwa. Jumamosi iliyofuata timu ilicheza kama kawaida, na mwaka ule ikatoa vijana wawili kwa timu ya mkoa ya UMISSETA.

Ninachomsifia Deng ni kwamba yeye alikuwa watu hawa wawili katika mwili mmoja. Alikuwa hodari kama yule wa kwanza, akakubali kufanya kazi ya yule wa pili, kazi isiyopigiwa makofi. Jambo hili ni adimu. Uhodari humzoesha mtu kutazamwa. Uongozi humtaka awatazame wengine. Ndiyo maana wachezaji wengi wakubwa huwa viongozi wabaya, na walimu wengi wazuri huharibika siku wanapopewa ofisi.

Atatokea wa kuniambia kwamba Deng aliweza kwa sababu alikuwa na mamilioni ya dola. Ni kweli kwamba nauli za ndege hazilipwi kwa nia njema. Lakini yule mwalimu wa hesabu alilipwa mshahara ule ule wa mwenzake. Tena fedha za Deng ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko kitu kingine katika habari hii. Shirikisho linalosimama kwa mfuko wa mtu mmoja halijasimama lenyewe. Mtihani wa Deng si Paris. Mtihani wake ni siku ambayo naye atakabidhi daftari, na mtu mwingine atapiga zile simu, na vijana watapokea na kuja. Siku hiyo ndipo tutakapojua kama kitako kimetoka kweli au kimetobolewa tundu tu.

Nayaandika haya kwa ajili ya wazee wenzangu zaidi ya vijana. Katika miji yetu hii ya nyanda za juu wamo waliochezea timu za mikoa, waliokimbia mbio ndefu, waliofundisha kwaya, waliosimamia ushirika, waliokuwa mabingwa wa kuchonga na kushona. Wengi tunakaa barazani tukisimulia tulivyokuwa, na vijana wanatusikiliza kwa adabu, kisha wanakwenda zao mikono mitupu. Heshima wanayotupa ni ya kweli, lakini haiwafundishi kurusha mpira.

Kila mmoja wetu ana ufunguo fulani ambao bado yuko nao mfukoni. Amkabidhi mtu wakati angali na nguvu za kumwonyesha mlango wenyewe uko wapi.