Mashine ya Miguu Sita na Jina Lisilo Lake: Historia ya Ufundishaji wa Makanika ya Roboti Sambamba

0. Utangulizi

Katika vitabu vingi vya uhandisi vilivyochapishwa baada ya mwaka 1965, mashine yenye jukwaa linalobebwa na miguu sita inayorefuka na kufupika huitwa "jukwaa la Stewart". Mwanafunzi hulipokea jina hilo kama anavyolipokea jina la mto au la mlima, bila kuuliza lilitoka wapi. Lakini mashine hiyo haikuundwa na Stewart. Ilikuwa inafanya kazi katika kiwanda kimoja cha Uingereza miaka kumi kabla ya makala yake kutokea, na makala yenyewe yalieleza mtambo wa umbo jingine.

Makala haya yanakusudia kufuatilia jinsi jina hilo lilivyopatikana, na jinsi elimu ya mitambo ya namna hiyo ilivyoingia darasani. Mambo hayo mawili hayatengani. Elimu ya mitambo, tangu ilipoanza kufundishwa kama fani yenye kanuni zake, imekuwa pia kazi ya kutoa majina, na ndiyo maana inamhusu mwanaisimu hata kama hajawahi kushika spana.

1. Reuleaux na sarufi ya mashine

Mjerumani Franz Reuleaux (1829-1905) alifundisha Zürich tangu mwaka 1856, kisha Berlin tangu 1864. Kabla yake, mafundi wasomi wa Paris walizoea kuipanga mitambo kwa kufuata mwendo: mtambo huu hugeuza mwendo wa mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi, ule hufanya kinyume chake. Mpango huo ulisaidia kutengeneza orodha, lakini orodha si maarifa. Katika kitabu chake cha mwaka 1875, Theoretische Kinematik, Reuleaux aliuliza swali jingine: kipande kidogo kabisa cha mashine ni kipi?

Jibu lake lilikuwa kwamba kipande kimoja peke yake hakina maana. Parafujo bila nati yake ni chuma tu. Kinachohesabika ni jozi: parafujo na nati, ekseli na tundu lake, pistoni na silinda yake. Jozi zikiunganishwa hufanya mnyororo. Na mnyororo ukishikwa kiungo chake kimoja kisiende popote, huwa mtambo. Akishikwa mwingine badala ya yule wa kwanza, mnyororo ule ule hutoa mtambo tofauti. Anayesoma isimu hawezi kukosa kuona undugu wa fikira hii na ile iliyokuja kutawala taaluma yake katika karne ya 20, kwamba sauti ya lugha hutambulikana kwa kuhusiana na sauti nyingine, si kwa nafsi yake. Undugu huo usivutwe mno. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mmoja alimsoma mwingine.

Reuleaux alikwenda mbali zaidi. Alibuni herufi na alama za kuandikia mashine, ili mtambo wowote uweze kuandikwa kwa mstari mmoja kama mkemia anavyoandika maji au chumvi. Hapo wengi walimwacha. Alama zile hazikuenea, na leo huzikuta tu kwa wanaoichunguza historia. Kilichoenea ni kitu alichokitengeneza kwa ajili ya mikono ya wanafunzi: vielelezo vya chuma, kila kimoja kikionyesha mtambo mmoja, vya kuzungushwa na kutazamwa. Mkusanyiko wake wa Berlin ulizidi vielelezo 800. Fundi Gustav Voigt alitengeneza nakala za kuuzwa, na mwaka 1882 Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilinunua zaidi ya 200 kwa fedha zilizotolewa na Hiram Sibley. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wa Berlin ilipotea kutokana na Vita vya Pili vya Dunia. Ule wa Cornell umebaki. Yaani maandishi aliyoyaamini mwenyewe yalikufa, na chuma alichokifanya kiwe msaada wa maandishi ndicho kilichoendelea kufundisha.

2. Mzigo mmoja, wachukuzi sita

Mitambo mingi ya Reuleaux ilikwenda katika ubapa mmoja, kama mkasi. Mashine ya miguu sita ni jambo jingine, na kabla ya kuifuata historia yake yafaa ieleweke.

Mkono wa mtu ni mnyororo ulio wazi: bega hubeba kiwiko, kiwiko hubeba kifundo, kifundo hubeba vidole. Roboti nyingi za viwandani ziliigwa humo. Ubaya wake ni kwamba kila kiungo hubeba uzito wa vile vinavyokifuata, na kosa dogo la bega huwa kosa kubwa kwenye kidole. Njia ya pili ni ile ya machela, au tipoyi kama ilivyoitwa huku Kongo wakati wa ukoloni: mzigo mmoja, wachukuzi kadhaa, kila mmoja na miguu yake chini. Uzito hugawanyika. Mchukuzi mmoja akiinama, machela huinama upande wake. Wote wakiinama pamoja, hushuka wima. Roboti inayoitwa sambamba ni machela ambayo wachukuzi wake ni jeki.

Kwa nini sita? Kitu kilicho huru hewani kina namna sita za kwenda: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, pamoja na mizunguko mitatu. Fomula ambayo hutajwa kwa jina la Grübler, aliyeandika juu yake mwaka 1883, huruhusu kuhesabu. Mashine ina vipande 14: kitako, jukwaa, na miguu sita yenye vipande viwili kila mmoja. Viungo ni 18: kila mguu una kiungo cha kardani chini (namna mbili za mwendo), cha kuteleza katikati (moja), na cha tufe juu, mfano wa nyonga (tatu). Jumla ya miendo ya viungo ni 36. Kutoka humo hutolewa 30, ambayo ni sita mara tano, kwa kuwa viungo vinazidi vipande vinavyokwenda kwa vitano. Hubaki 6, na kila jeki hutawala mmoja. Mwanafunzi akiweka tufe juu na chini pia, hesabu humpa 12, naye hudhani amekosea. Hakukosea: ile sita ya ziada ni kila mguu kujizungusha wenyewe mahali pake, bila jukwaa kujali.

Wanahisabati walikuwa wamelikaribia suala hili kabla ya mafundi. Mwaka 1904 Akademia ya Sayansi ya Paris iliweka tuzo ya Vaillant kwa atakayechunguza miendo ya kitu kigumu ambacho nukta zake hubaki juu ya matufe. Émile Borel na Raoul Bricard ndio waliotuzwa. Nukta inayobaki juu ya tufe ni ncha ya mguu usiorefuka wala kufupika. Kwa hiyo swali lao, likisomwa leo, linauliza: je, jukwaa laweza kwenda hali miguu yake yote imefungwa? Jibu ni kwamba, kwa maumbo fulani, laweza. Swali hilo lilikaa katika maktaba, likingoja mashine yake.

Mashine ilitoka katika mpira. Eric Gough, mhandisi wa kampuni ya Dunlop huko Birmingham, alitaka kujua tairi hupatwa na nini inaposukumwa, inapopindwa na kukandamizwa kwa pamoja. Alianza kuibuni mashine yake mwaka 1947, na katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa inafanya kazi. Kwa Mkongomani neno mpira halipiti hivi hivi. Tairi la upepo la John Boyd Dunlop, la mwaka 1888, ni mojawapo ya mambo yaliyoongeza njaa ya mpira duniani wakati misitu ya Ikweta ilipokuwa chini ya Leopold II, na watu wakalipa kwa mikono na kwa uhai. Gough hakuhusika na hayo. Lakini historia ya uhandisi inayoanzia kwenye tairi lililokwisha kutengenezwa huanzia katikati.

3. Jina linavyohama

Mwaka 1965 D. Stewart aliwasilisha kwa Taasisi ya Wahandisi Mitambo ya Uingereza makala juu ya jukwaa lenye namna sita za mwendo, akilikusudia kwa kuwazoeza marubani bila kuruka. Jukwaa lake lilikuwa la pembetatu, na lilibebwa na miguu mitatu, kila mguu ukiendeshwa kwa jeki mbili. Katika mjadala uliochapishwa pamoja na makala hayo, Gough mwenyewe alieleza mashine yake ya kupimia tairi, yenye jeki sita zilizopangwa kama kingo za umbo la nyuso nane.

Ng'ambo ya bahari, Klaus Cappel wa Franklin Institute, Philadelphia, alikuwa amefikia mpango ule ule mwanzoni mwa miaka ya 1960 bila kuijua kazi ya Gough. Aliomba hataza mwaka 1964.

Waliokuja baadaye waliyasoma makala ya Stewart, wakaipenda picha ya Gough iliyomo ndani yake, wakaondoka na picha ya mmoja na jina la mwingine. Hakuna aliyeiba. Gough alikuwa amewaandikia watu wa tairi, na watu wa tairi hawakuhitaji jina la mashine, walihitaji vipimo. Stewart aliandika kwa wahandisi wote, na katika kichwa cha makala yake aliweka maneno ambayo mtafutaji angeweza kuyatafuta. Jina hushikamana na aliyesomwa, si lazima na aliyetenda. Siku hizi waandishi waangalifu huandika "Gough-Stewart". Hilo ni jambo la haki, ingawa Cappel bado yuko nje ya mlango.

4. Darasani

Mashine hii ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya ishirini ilipoanza kuwa somo la roboti. Kenneth Hunt, wa Australia, aliipendekeza mwaka 1978 kuwa mkono wa roboti. Mara moja ikaonekana kwamba mafunzo ya kawaida yanapinduka. Kwa roboti ya mfano wa mkono, ukijua pembe za viungo ni rahisi kusema kidole kiko wapi. Kazi ni kurudi nyuma, kutoka kwenye kidole hadi kwenye pembe, na majibu yaweza kufika 16. Kwa mashine ya Gough, ukijua jukwaa liko wapi, urefu wa mguu ni umbali wa nukta mbili tu. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuupata. Lakini ukipewa urefu wa miguu sita na kuulizwa jukwaa liko wapi, umeingia msituni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilibainika kwamba majibu ni 40, na mwaka 1998 Peter Dietmaier alionyesha umbo ambalo majibu yote 40 ni ya kweli, si ya kufikirika. Miguu ile ile, urefu ule ule, mahali arobaini pa kusimama.

Kwa wasomaji wa Kifaransa mambo haya hayakuwa mbali. Kitabu cha Jean-Pierre Merlet, Les robots parallèles, kilitoka mwaka 1990. Lausanne, Uswisi, Reymond Clavel alikuwa amebuni mwaka 1985 roboti iitwayo Delta, nyepesi na ya haraka mno. Fikira yake ilianzia kwa watengenezaji wa chokoleti, ambako vipande vidogo vilipaswa kupangwa katika makasha. Mota zake tatu zimefungwa juu kwenye kitako, hazibebwi na yeyote, na kila mkono huishia kwa fito mbili zinazofanya msambamba. Kwa sababu ya misambamba hiyo mitatu, jukwaa dogo haliinami kamwe: huenda kila upande, likiangalia chini daima.

Hapo ndipo Kiswahili kinapokutana na tatizo lake. Neno sambamba limekwisha kutumika katika umeme kwa saketi ambazo njia zake hugawana mkondo, kinyume cha mfululizo, na kwa maana hiyo "roboti sambamba" ni tafsiri sahihi ya Kifaransa. Lakini mwanafunzi hulijua kwanza katika jiometria: mistari isiyokutana. Atachukua vijiti sita, atavisimamisha wima, sambamba kabisa, atalaza ubao juu yake, na ataamini kwamba ametengeneza alichosoma. Ametengeneza kinyume chake. Miguu sita iliyo sambamba kwa maana ya jiometria huzuia kushuka na kuinama, basi. Kwenda pembeni na kujizungusha havizuiliwi na yeyote, hata jeki zikiwa zimefungwa kwa nguvu zote. Miguu ya Gough imeinamishwa, inapishana jozi kwa jozi, na uimara wake umo katika kutokuwa sambamba.

Wako wanaopendelea "roboti ya machela", na wako wanaoona kwamba istilahi ikishaingia kamusini isiguswe. Mwalimu anayesubiri hukumu yao aweza kuanza na vijiti vyenyewe na ubao: kwanza avisimamishe wima, auguse ubao kwa kidole, auache ulale upande, kisha aviinamishe viwili viwili, auguse tena.