Miaka ya Mtoto Unyanyembe

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh katika Unyanyembe, Tabora ya leo, Novemba 1857, aliwakuta watoto wa Kinyamwezi wakijifunza upagazi kwa kubebeshwa vijipembe vidogo vya ndovu. Umri ulipimwa kwa safari. Aliyekwisha kushuka pwani na kurudi alikuwa mwanamume. Ambaye hajashuka, hata ndevu zimwote, alitazamwa bado kama mtoto. Na shauri la mtoto likifika kwa mtemi, watu walitaka kwanza kujua ni wa nani: mahari ikiwa imelipwa ni wa ukoo wa baba, isipolipwa ni wa wajomba zake. Miaka yake haikumshughulisha mtu.

Naanzia huko kwa sababu naiona historia ya haki ya watoto magharibi mwa Tanzania kuwa, zaidi ya yote, historia ya kuhesabu miaka.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ikafifia. Waingereza nao wakaja na hesabu yao. Sheria yao ya watoto na vijana ya mwaka 1937 ilimwita mtoto yule asiyetimiza miaka 12, na kijana yule wa kuanzia 12 hadi chini ya 16. Mwaka huohuo Julius Kambarage Nyerere, mzaliwa wa 1922 kutoka Butiama, aliingia Shule ya Tabora. Kwa kipimo hicho angehesabiwa kijana. Wavulana waliotiwa hatiani waliweza kuamriwa viboko. Aliyetimiza 16 alisimama kizimbani kama mtu mzima, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa dosari kubwa ya sheria ile, iliyodumu miongo saba na zaidi, Uhuru ukapita juu yake.

Baada ya Uhuru mabaraza ya watemi yaliondoka. Abdallah Fundikira, mtemi wa mwisho wa Unyanyembe, alikuwa Waziri wa Sheria hadi alipojiuzulu mwaka 1963, mwaka ambao Sheria ya Mahakama za Mahakimu ilitungwa ili mahakama zote ziwe chini ya paa moja. Mashauri ya ndoa, matunzo na malezi yakahamia kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo na wazee wake wa baraza.

Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya 1971. Katika malezi iliweka mbele maslahi ya mtoto, na aliye chini ya miaka 7 ikadhania kwamba mahali pake ni kwa mama. Lakini sheria hiyohiyo ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya baba, na 14 kwa idhini ya mahakama. Tabora iliumia hapo kuliko mikoa mingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya wanawake vijana wa mkoa huu waliolewa kabla ya 18. Shinyanga tu ndiyo iliyoizidi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipofungua kesi, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilitamka kuwa vifungu hivyo vya umri wa kuolewa vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali.

Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikwisha kuweka mstari kwenye 18. Iliunda Mahakama ya Watoto, iketi faragha, ofisa ustawi wa jamii awepo, mtoto aulizwe maoni yake, na asifungwe jela. Iliitaka pia mahakama ichunguze umri wa mtoto anayeletwa mbele yake. Ndipo hospitali ya Kitete inapoingia. Mtoto wa kijijini aliyezaliwa nyumbani, asiye na cheti wala kadi ya kliniki, hupelekwa kwa daktari. Na kwa watu wa Tabora hospitali ya mkoa ni Kitete. Hapo hutazamwa meno na mifupa, na karatasi ya daktari ndiyo inayoamua mtoto asimame mbele ya mahakama ipi. Makosa ya mwaka mmoja katika karatasi ile yanatosha kumpeleka gerezani.

Na hata karatasi ikisema kweli, iko safari. Mahabusu za watoto zilizozoeleka kwa miaka mingi zilikuwa Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya; upande wa magharibi hapakuwa na hata moja. Shule ya maadilisho ni Irambo, Mbeya. Mtoto wa Tabora aliyeamriwa kwenda huko husindikizwa kupitia Sikonge, Rungwa na Chunya, mamia ya kilomita kutoka kwa mama yake, ambaye nauli ya kwenda kumwona huipata baada ya kuuza mahindi ya mwaka.