Namirembe, Jirani wa Kiti cha Kabaka

Juni 30, 2027 itatimia miaka 150 tangu wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walipofika mbele ya Mutesa wa Kwanza, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Wakatoliki wakafuata mwaka 1879 na Padri Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera. Ukiitafuta alama ya miaka yote hiyo hapa Kampala, panda Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Kianglikana. Kutoka kilimani unaliona Kasri la Kabaka la Mengo ng'ambo ya bonde, na ujirani huo ndio historia yenyewe.

Huko Ulaya, mwaka 1077, Mfalme Henry wa Nne alisubiri siku tatu kwenye theluji ya Canossa ili Papa Gregory wa Saba amwondolee adhabu ya kutengwa na Kanisa. Buganda nayo ilifungamanisha dini na utawala, ikafika mahali ambapo dini ya mtu iliamua atawale wapi. Januari 24, 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana hapa Mengo. Waliitwa Bangereza na Bafransa, Waingereza na Wafaransa, ingawa walikuwa Waganda, mara nyingine ndugu wa ukoo mmoja. Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwapa Waprotestanti bunduki. Kanisa Katoliki la Rubaga likachomwa moto, na Wakatoliki wengi wakahamia eneo la Buddu. Mirembe kwa Kiganda ni amani, lakini kilima hiki kilipata nguvu zake kwa vita, na si haki kuisimulia historia yake bila kulitaja hilo.

Kilichopatikana kwa bunduki kikaandikwa katika Mkataba wa Buganda na Waingereza wa Machi 10, 1900. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, na nchi ilikuwa mikononi mwa walezi watatu: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Wawili kwa mmoja. Misheni zote kwa pamoja zilipewa maili za mraba 92 za ardhi. Mwaka 1906 Waanglikana wakafungua shule Budo, kilima kile kile ambako Makabaka hutawazwa. Tangu hapo mtoto wa chifu alisomea mahali pa kiti cha enzi, chini ya walimu wa kanisa. Kwangu, Budo ilikuwa na nguvu kuliko bunduki zote za Lugard.

Jengo lenyewe la kanisa la Namirembe halikusimama kirahisi. Dhoruba iliangusha kanisa mwaka 1894. Baada ya lililofuata, wakajenga la matofali, na waumini, wakubwa kwa wadogo, wakapandisha udongo na matofali kilimani vichwani mwao. Lilikamilika 1904, mwaka 1910 radi ikaliteketeza. Hili la kuba tunaloliona leo, la tano, liliwekwa wakfu mwaka 1919.

Siasa haikuondoka. Gavana Mwingereza Cohen alipomfukuza Kabaka Mutesa wa Pili mwaka 1953, mazungumzo yaliyofungua njia ya kurudi kwake yalifanyika Namirembe, 1954. Vyama vya uhuru navyo vikarithi mpasuko wa 1892: DP wengine waliiita Dini ya Papa, na UPC ikaonekana nyumba ya Waprotestanti. Kura za watu zilifuata ubatizo wao, na tulilipa gharama yake kwa miaka mingi.

Kisha ikaja Februari 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeandika pamoja na maaskofu wenzake barua ya kulalamikia mauaji, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin tarehe 16. Kaburi lake lilichimbwa Namirembe, kando ya Askofu Hannington aliyeuawa mwaka 1885. Waumini walikusanyika, lakini mwili haukuletwa. Waliimba wakiwa wamelizunguka kaburi tupu. Siku ile kanisa halikuwa na ardhi ya kugawa wala chifu wa kumweka madarakani, na ndipo lilipokuwa na sauti kubwa kuliko wakati wowote wa historia yake.

Luwum amelala kwao Mucwini, Kitgum. Tangu 2015, Februari 16 ni siku ya mapumziko kwa Uganda nzima, Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu.