Mutoto Aliyemwonyesha Stanley Theluji

Leo nazungumzia theluji. Ndiyo, theluji, na historia yake inapita hapa kwetu Ituri.

Mwaka 1864 Samuel Baker alifika Ziwa Albert. Upande wa kusini kulikuwa Rwenzori, mulima wa zaidi ya meta 5.000. Hakuona theluji. Emin Pasha naye alikaa miaka karibu na lile ziwa, hakuiona. Tarehe 24 mwezi wa 5, 1888, Stanley akiwa upande wetu wa ziwa, mutoto mmoja akamwonyesha mulima, akisema uko na chumvi juu. Basi vitabu vikaandika kwamba Stanley amegundua. Jina la mutoto hakuliandika. Na Wanande na Wakonzo wa kule walikuwa na neno lao tayari: nzururu.

Juu ya nini wengine hawakuona? Hewa yenye unyevu inapanda mulimani, inapoa, inakuwa wingu. Siku mingi kilele kimefunikwa.

Hilo wingu lilisumbua hata wapandaji. Mwezi wa 11, 1905, Mwingereza Douglas Freshfield alijaribu. Hali mbaya ya hewa ikamrudisha. Tarehe 18 mwezi wa 6, 1906, Luigi Amedeo, wa jamaa ya kifalme ya Italia, akafika kilele Margherita, meta 5.109. Alikuwa na viongozi hodari, kweli, lakini pia alikuja mvua ikipungua. Kule juu theluji mpya inafunika nyufa za barafu, ukungu unaficha ukingo, na theluji nzito kwenye muteremko inaweza kuporomoka yote kwa mara moja. Mwenye kukosea musimu anaweza kukosa na maisha.

Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilifika karibu kilometa za mraba 6,5. Mwaka 2003 ilibaki karibu 1. Tunajua hivyo kwa sababu kuna watu walipima na kuandika.

Sasa sisi wenye lisanse ya agronomia tunaandika nini? Hapa Fataki mulimaji anasema mvua imechelewa. Imechelewa siku ngapi kuliko mwaka jana? Anajua kwa kichwa, kama yule mutoto alivyojua mulima wake. Daftari moja na kalamu vinatosha: tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya kupanda, na jina la aliyekuambia. Tuanze musimu huu. Tusingoje mugeni aje kutuandikia, halafu asahau majina yetu.